Siku Niliyofarijiwa Bure

Mwaka wa 2013 nilikuwa karani mgeni Lodwar, miezi minne bila mtu wa kuniuliza nimelalaje. Mwenzetu wa ofisi ya Kakuma akaniachia flashi yenye sinema fupi za kale, zisizo na sauti: watu wanateleza, wanarushiana unga. Sikuwa nimewahi kuona vituko kama hivyo. Nilicheka kimyakimya ofisini, leso usoni, mabega yakitikisika, machozi tele.

Mama Akiru, mpishi wetu wa chai, akanishika bega. "Pole, mtoto wangu. Nani amekufa?"

Ningesema ukweli, lakini mkono ule ulinikaa vizuri. Mtu mzima mimi, nikainamisha kichwa kama mfiwa. Akaita ofisi nzima, wakaniombea.

Baada ya "Amina", akaitazama kompyuta. Jamaa mnene alikuwa amekwama kichwa ndani ya ndoo.

"Marehemu ni huyu?" akauliza.