Daktari Kabla ya Chuo

Msinihurumie. Mtu aliyemaliza digrii na GPA ya 2.4, kisha akaomba kusomea udaktari wa meno, hastahili huruma. Nasi Waswahili wa Houston tunajulikana: uki-apply tu, ushahitimu. Pale mtaani kwetu Sharpstown niliitwa Daktari kabla chuo hakijanijibu, na mimi, bwege, nikaitika.

Siku ya Idi, baada ya pilau nyumbani kwa mjomba, mama mmoja mgeni kutoka mji jirani wa Katy aliniasamia kinywa pale pale sebuleni, watu wakitazama.

"Daktari, mwanangu, hebu niangalilie gego hili. Lilizibwa juzi tu."

Ningeweza kusema sijui. Badala yake niliitisha tochi, nikakunja uso, nikaguna kama bingwa.

"Mama, aliyekuziba hapa si daktari. Huyu ni fundi wa mabomba."

Sebule nzima iliangua kicheko. Kichwa kikanivimba, nikaongezewa pilau.

Wiki iliyofuata niliitwa chuoni kwa mahojiano. Nilikuwa nimekariri visingizio vya alama zangu mbovu: maradhi, kazi, mapenzi. Nilipoingia nikamkuta mhojaji ni mwanamke wa kwetu, amevaa koti jeupe. Nikamshukuru Mungu moyoni. Huyu atanibeba.

Alinitazama kuanzia viatu mpaka tai, akatabasamu.

"Karibu, Daktari. Mama alinitajia jina lako. Hiyo GPA tutaizungumzia baadaye. Kwanza nieleze gego lake lina kasoro gani, maana fundi wa mabomba ndiye mimi."