Programu ya mdogo wangu inaitwa Dada

Admin, naomba ufiche jina langu kabisa, mdogo wangu yumo humu na hapitwi na posti.

Mimi ni mwanamke wa miaka 33, sijaolewa, naishi Kasulu mjini. Kazi yangu wengi hawaijui: napanga nyaya za chipu, kile kidude kinachokaa ndani ya simu. Ni nyaya nyingi mno, nyembamba kuliko unywele, na hazitakiwi kugusana. Nyingi zinapangwa na programu ya kompyuta. Zile zinazoishinda, kampuni moja ya nje inanitumia mimi nizipitishe kwa mkono. Nilikuwa najisikia, sikatai.

Mdogo wangu yuko Kibondo. Kazi hii nilimfundisha mimi, kwenye laptop yangu, tukiwa tumekaa kitandani kwangu. Akaajiriwa kampuni hiyohiyo, na mwaka huu akaandika programu inayopitisha hata nyaya ngumu. Kazi yangu ya wiki nzima inaimaliza chai haijapoa. Na unajua kaiitaje? Dada. Eti kwa heshima yangu! Sasa kwenye vikao bosi anasema, "Hiyo mpeni Dada," na simaanishwi mimi. Mama naye kanisani Makere anamsimulia yeye tu. Jamani, wivu unanitafuna.

Sasa dhambi yangu. Nyaya mbili zikienda sambamba mwendo mrefu, hata bila kugusana, moja inavuruga ujumbe wa mwenzake. Hilo nilimnyima makusudi, nibaki na changu. Jumatano akanitumia mchoro wake niukague, maana mkaguzi wa mwisho ni mimi. Nikaona nyaya nane zimelala ubavu kwa ubavu, chipu nzima.

Akapiga simu. "Dada, umeona kosa? Wewe ukisema sawa, natuma."

Nikasema, "Sawa."

"Ego, dada!" akaitikia kwa Kiha chetu, yaani ndiyo. "Bila wewe mie ningekuwa nalima maharage."

Mchoro unaingia kiwandani Jumatatu, na ukishaingia haurudi. Chipu ikigoma, kazi hana. Nikisema leo, atajua nilimficha tangu mwanzo, na programu yake ikishanyooshwa, kazi sina mimi. Nimemwandikia ujumbe mara nne, nikafuta mara nne.

Na niseme ukweli wote: kuna upande wa moyo wangu unaisubiri hiyo Jumatatu kwa hamu. Nitukaneni mkimaliza kunishauri. Namwambiaje mtoto huyu?