Mama Mapezi na Ukoo wa Bwawa la Tatu

Saa kumi na mbili asubuhi, mlango wa stoo ya kituo cha kuzalisha samaki unafunguka kwa teke, maana kitasa kimegoma tangu mwaka jana. Anatoka mwanamke wa miaka hamsini na minane, suruali kaikunja hadi magotini, begani nyavu sita za mkono. Kila wavu umefungwa kitambaa cha rangi yake.

"Mwandishi, viatu!" anafoka.

Mgeni anavua viatu vyake vya mjini na kutumbukiza miguu kwenye karai la maji ya chumvi. Hakuna anayesogelea mabwawa haya bila kunawa miguu, hata bosi.

Wenzake wanamwita Mama Mapezi. Yeye ndiye anayekata vipande vya mapezi ya samaki, vidogo kama punje ya mchele, na kuvipeleka maabara. Huko husomwa vinasaba, ikajulikana nani ni ndugu wa nani.

Kwa miaka ishirini na mbili ametunza mabwawa matano ya perege, kila bwawa na samaki wa kijito kimoja. Kwa macho huwezi kuwatofautisha.

"Kwenye sahani wote ni kitoweo," anasema na kucheka. "Lakini wa bwawa la kwanza wanavumilia baridi. Wa tatu wanavumilia maji mabaya, yale yasiyo na hewa. Ugonjwa ukija, au mvua ikigoma, hujui utamhitaji nani."

Ndiyo maana nyavu hazichanganywi. Vifaranga wawili wakinasa kwenye wavu na kuhamia bwawa jingine, koo mbili zimeingiliana, na hakuna wa kuzitenganisha tena.

Mama Mapezi alijua yote hayo. Na bado alikosea.

Miaka sita iliyopita, wakati wa kiangazi, pampu ya bwawa la tatu iliharibika. Maji yakashuka, samaki wakapanda juu, midomo wazi, wakitweta.

"Niliwaonea huruma jamani! Niliona wananifia hivi hivi."

Akachota arobaini, akawahifadhi bwawa la nne. Pampu ilipotengenezwa, akachota arobaini akawarudisha. Hesabu ilitimia. Samaki ndio hawakuwa wale wale.

Miaka miwili baadaye, majibu ya maabara yakaonyesha bwawa la tatu na la nne yamechanganyika. La nne lilijazwa upya kutoka kijito chake. Kijito cha bwawa la tatu hakikuwa na msaada tena: watu walishamwaga humo samaki wa kununua, wanaokua haraka, na wenyeji wakapotelea ndani yao. Mama Mapezi hakusubiri kuulizwa. Aliingia ofisini akasema, "Ni mimi."

"Nililia mpaka bosi akanitafutia kiti," anakumbuka.

"Niliambiwa nimfukuze," anasema bosi wake. "Nimfukuze mtu aliyekuja kujisema mwenyewe? Ningebaki na nani?"

Kilichomuuma zaidi ni maneno ya mtaalamu wa maabara. Samaki wa bwawa la tatu hupanda juu na kutweta kwa sababu hewa kidogo iliyobaki iko pale juu. Hawakuwa wanakufa. Ndivyo wanavyoishi.

Siku moja, akifua nguo, akakumbuka tangi la maji la wifi yake. Mwaka mmoja kabla pampu haijaharibika, alimpa wifi samaki kumi na wawili wa bwawa la tatu, wamsaidie kula viluwiluwi vya mbu humo. Aliacha nguo kwenye beseni, akachukua mkasi wake mdogo, akaenda.

"Wifi, umekuja kunisalimia au kunikatia samaki wangu?"

"Vyote viwili, wifi yangu. Weka chai."

Samaki walikuwa wameshazaana, wakafika hamsini na mmoja. Majibu yalipotoka, hakuna hata mmoja aliyekuwa na mchanganyiko. Likachimbwa bwawa la sita. Wifi aliwatoa shingo upande.

"Nimemwazima, sijampa," anasisitiza hadi leo, na kila Ijumaa huja kuwakagua, miguu yake nayo ikinawishwa kwenye karai.

Mwezi uliopita ikawa zamu ya pampu ya bwawa la sita kugoma, siku mbili nzima. Samaki wa bwawa la sita wakapanda juu, midomo wazi. Bwawa la tano, hatua nne tu kutoka pale, lilikuwa limejaa maji.

"Nilikaa chini nikaikalia mikono yangu. Wallahi niliikalia! Wifi ananipigia kelele, 'Watoe, wanakufa!' Nikamwambia, 'Kaa na wewe.'"

Walikaa wote wawili. Siku ya tatu maji yalirudi, na samaki wakashuka chini kama kawaida yao. Hakufa hata mmoja.

Leo wako mia moja na themanini. Mama Mapezi anastaafu baada ya miaka miwili, na kabla ya hapo anataka wafike mia tatu, wagawanywe kwenye mabwawa mawili yasiyokaribiana.

"Safari ile nilihesabu arobaini nikajiona nimemaliza kazi," anasema, akitundika wavu wa bwawa la sita kwenye msumari wake. "Safari hii nikihesabu mia tatu, nataka nijue ninahesabu nani."