Siku Niliyobebwa kwa Machela Nikiwa Mzima

Mkitaka kunicheka nichekeni mwishoni, maana mkianza sasa hivi nitanyamaza, na hii aibu nimekaa nayo tangu Julai bila kumwambia mtu yeyote hapa Ngamiani. Mimi huyu huyu, mtu mzima, mwenye duka la vitenge na mdomo wangu mnaoujua, nilibebwa na wanaume wanane kutoka mlimani hadi uani kwa mama mkwe, kijiji kizima kinanisindikiza, na sikuwa naumwa hata ukucha.

Mume wangu Athumani ni Msambaa, kwao ni kijiji kimoja juu ya Soni, na miaka minne yote ya ndoa yetu tulikuwa tunakwenda siku mbili za sikukuu tunarudi mbio, mara duka halina mtu, mara mie baridi siiwezi. Mwaka huu akasema hapana, tunakwenda wiki nzima, tupumzike, tupande milima, tukaone maporomoko ya maji. La kupumzika nikalishika, la kupanda nikalipuuza. Sasa nyie mnanijua, kutoka kwangu hadi dukani ni barabara mbili tu na napanda bodaboda, tena nikishuka namwambia dereva asogee mpaka mlangoni.

Nikafungasha masweta matatu, soksi nene za Athumani, na kilo nzima ya ubuyu wa pilipili (mie bila kitu kichachu mdomoni safari haiendi, hilo mlikumbuke, maana huo ubuyu ndio ulioniponza).

Lakini jamani, mlima! Asubuhi ya kwanza nafungua dirisha sioni kitu, ukungu umeingia mpaka jikoni, nikizungumza natoa moshi mdomoni, nikasema moyoni leo nimekuja kufa ugenini. Saa tatu ukungu ukainuka polepole, na chini yake ikatokea dunia nyingine, mashamba ya kabichi na viazi yamepangana ngazi kwa ngazi mpaka bondeni, moshi unatoka juu ya mapaa, na mbali kule chini barabara ya Mombo inajikunja na malori madogo kama chawa. Nilisimama pale dirishani mpaka chai ikapoa. Mtu unaishi Tanga miaka thelathini na mbili unadhani bahari ndiyo mwisho wa uzuri, kumbe hujatembea.

Na mama mkwe wangu naye alikuwa wa kutazamwa. Mwanamke mdogo, mwembamba, ameshapita sitini, anapanda mteremko na mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani, hahemi, tena njiani anasalimiana na kila mtu. Mimi nilikuwa namwogopa, nawaambia kweli. Si kwamba ni mkali, la, ila kwa miaka minne hajawahi kuniuliza habari ya mtoto hata mara moja. Hapa mtaani mpaka muuza samaki ananiuliza, "Vipi, bado?" Yeye kimya. Na siku moja nilipokuwa natafuta blanketi kwenye sanduku lake, nikakuta chini kabisa kisweta cheupe cha sufu, cha kuenea kiganjani, kimefumwa kwa mkono na kukunjwa vizuri ndani ya kanga. Nikakirudisha haraka kama mwizi. Kuanzia hapo nikawa nataka kitu kimoja tu katika safari ile, mama yule anione ni mkamwana wa maana, ikiwa kwa hilo sijaweza basi hata kwa mengine.

Siku ya nne ndiyo tukapanda, Athumani mbele, mimi katikati, na nyuma yangu wifi yangu Zaina, mdogo wake Athumani, msichana anayeruka juu ya mawe na ndala za plastiki kama yuko sebuleni. Asubuhi nilikuwa nimekula sahani mbili za makande (mama mkwe alipakua, ningekataaje?). Tukafika kwanza kwenye ukingo wa mlima, na pale sina neno la kuwapa. Unasimama juu ya jabali, chini ya miguu yako tai anazunguka, yaani tai yuko chini na wewe uko juu, halafu tambarare inaanza, mkonge umepangwa mistari, na mwisho wake milima mingine ya bluu. Upepo wa baridi unakupiga usoni mpaka machozi yanatoka, na unashukuru. Nilisema "Subhanallah" mara ngapi sijui.

Kutoka hapo njia inashuka kwenda kwenye maporomoko. Sauti ya maji nilikuwa naisikia kabisa, ila njia yenyewe, wallahi, ni vingazi vya udongo vimelowa umande, upande mmoja mlima, upande mwingine hewa tupu. Athumani akateremka akipiga mluzi, tukabaki tunasikia mluzi tu. Mimi jasho linanitiririka ndani ya masweta matatu, pumzi sina. Akatupita bibi mmoja, umri wake siujui, hata yeye nadhani alishaacha kuhesabu, na mzigo wa kuni kichwani, akatusalimu kwa Kisambaa, "Onga mshi," na kuendelea zake.

Hapo ndipo nilipotakiwa kusema maneno mawili, wifi nimechoka, tungekaa, tungepumzika, basi. Lakini nilikumbuka maneno ya watu siku tulipooana, mwanamke wa pwani huyo, mlima atauwezea wapi. Nikaona nikisema nimechoka jioni habari itakuwa imefika kwa mama mkwe. Nikajiketisha kwenye jiwe, nikashika paji la uso kwa madaha, nikasema, "Zaina, nasikia kizunguzungu."

Zaina akanitazama. Akautazama ubuyu mkononi mwangu, mdomo mwekundu mpaka kwenye kidevu.

"Kichefuchefu je, wifi?"

Nami kwa kutaka ugonjwa uwe na uzito nikasema, "Kipo kidogo."

"Na ubuyu huu unaula tangu lini?"

"Aa, huu siku hizi siwezi kuuacha."

Basi uso wake ukachanua! Nikataka nimwite Athumani, akanishika mkono, "Mwache kaka atangulie, haya kwanza ni mambo yetu wanawake." Akapanda kwenye jabali penye mtandao, akapiga simu, anaongea Kisambaa mbio mbio huku anaruka. Mie nikadhani anaita bodaboda, nikafurahi, nikaongeza ubuyu mdomoni.

Kule mlimani, gari haliwezi kufika kila nyumba, kwa hiyo mgonjwa hubebwa kwa machela, miti miwili na blanketi zito katikati, na machela ikiitwa hakuna anayeuliza ni ya nani. Uko shambani unaacha jembe, uko kwenye ugomvi unaacha ugomvi, unakwenda kutia bega. Mlinzi wa machela ile alikuwa jirani yetu Baba Yohana, mzee wa kanisa la Kilutheri, mtu mrefu mwenye sauti ya kuimba besi. Haikupita nusu saa nikamwona anapanda na wanaume saba nyuma yake, wengine wana udongo wa viazi mpaka kwenye viwiko, wote wanakimbia. Wanakimbia kupanda mlima, jamani, kwa ajili yangu.

"Shikamoo baba," nikasema, nikasimama. "Mbona ninaweza kutembea."

"Marahaba mwanangu. Usiweke mguu chini. Kina mama wote husema hivyo hivyo."

Wakanilaza, wakanifunika mpaka shingoni. Waliponiinua miti ikalia nyiii, na kijana mmoja nyuma akasema, "Eee Mungu wangu." Nilimsikia, na hakukosea. Wakaanza kuteremka wanne wanne, wakichoka wanabadilishana bila machela kusimama, Baba Yohana anaimba taratibu ili miguu iende pamoja. Nawaambia ukweli, nilifumba macho na kusema huu ni ufalme. Watu wasionijua wananibeba kama yai! Nilikuwa nafikiri wenyewe wanajua nina kizunguzungu, nikifika nitalala kidogo, nitaamka nimepona, yameisha.

Tulipofika nyumba za kwanza nikasikia vigelegele. Nikadhani kuna harusi, nikainua kichwa nitazame bibi harusi. Mwanamke mmoja aliyekuwa anatembea kando ya machela akanikandamiza kwa upole, "Lala, mama. Mwenye mimba changa hainuki hovyo."

Sikilizeni, kama mlima ungefunguka ningeingia. Nikageuza shingo, nikaona msururu wa wanawake nyuma yetu, wameacha vikapu vyao, wengine wanafuta machozi kwa ncha ya kanga. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi, lakini yangu mie ilikuwa na kilometa mbili na mteremko. Kila hatua nasema sasa nitasema, nafungua mdomo, vigelegele vinapigwa, naufunga.

Tukaingia uani. Na mama mkwe wangu, ambaye sijawahi kumwona hata akiharakisha, akatoka mbio, peku, kanga imemwanguka begani hana habari nayo, anapiga kigelegele kuliko wote, na mkononi ameshika kile kisweta cheupe.

"Mwanangu! Miaka minne naomba! Kweli? Niambie mwenyewe, ni kweli?"

Kabla sijajibu Athumani naye akatokea, amelowa mpaka magotini, habari kaipata njiani kwa watu. Alisimama tu pale langoni anahema na machozi yanamtoka, na mimi nikajua machozi yale yanatoka wapi, kwa sababu mwezi wa tatu tulikuwa nayo mimba, ya wiki chache, ikatoka, tukakubaliana tusimwambie mtu. Kukidanganya kijiji kizima ningeweza labda mpaka jioni. Yeye sikuweza hata dakika moja.

Nikashuka kwenye machela kwa miguu yangu. "Mama, nisamehe. Sina mimba. Nilichoka tu, nikaona haya kusema."

Ng'ombe bandani anatafuna, ua mzima unamsikia. Zaina akasema kwa sauti ndogo, "Na ubuyu?"

"Ubuyu naupenda tu, wifi."

Baba Yohana akakohoa, akajifuta jasho. "Basi tumshukuru Mungu. Mgonjwa amepona kabla ya kufika hospitali." Watu wakaangua kicheko, yule kijana wa nyuma mpaka akakaa chini ameshika bega lake. Hata mimi nikacheka, cheko la kutamani kulia. Mama mkwe hakucheka. Alikikunja kile kisweta, mkono mmoja, mkono wa pili, akakipapasa, akaingia ndani.

Nikadhani ndiyo mwisho wangu. Akatoka na sufuria kubwa, maana waliobeba machela lazima wale, mgonjwa awe mzima au asiwe. Akapika viazi na maharage, mimi namenya, akampakulia kila mmoja na kumshukuru kwa jina lake, tena wale waliokuwa wanacheka aliwaongezea. Mtu wa mwisho alipoondoka tukabaki wawili jikoni, jua linazama.

"Miaka minne nimejikaza nisikuulize," akasema, anatazama moto. "Nilijua huko mjini wanakuuliza wengi, nikasema kwangu apumzike. Leo nimekuuliza mbele ya kijiji kizima, tena kwa vigelegele. Wewe umeaibika, na mimi nimeaibika. Sasa tumelingana."

Hapo nililia, jamani, nililia kamasi na machozi. Nikamwambia yote, hospitali tulizokwenda, na ile ya mwezi wa tatu. Hakunipa dawa, hakunitajia mganga, alivuta miguu yangu mapajani mwake (miguu ya mkamwana mapajani mwa mkwe, mmewahi kuona wapi?) akaikanda kwa mafuta ya moto mpaka nikanyamaza. Asubuhi nilikuta kisweta kimetundikwa msumarini, sebuleni, kila mtu anakiona. "Kikae hapo," akasema. "Nimechoka kukificha. Haya, vaa viatu, maporomoko hujayaona."

Tukaenda wawili. Njia nzima watu wanatuita kutoka mashambani, "Mama, tulete machela?" na mimi nawajibu waongeze godoro. Vile vingazi niliteremka kwa makalio, sioni haya kuwaambia, mpaka nikafika chini nikayaona. Maji meupe yanashuka kutoka juu mawinguni, yanapiga jabali yanakuwa moshi, moshi unapigwa na jua unakuwa upinde wa mvua, na ubaridi wake unakuingia mpaka kwenye meno. Nikavua viatu nikaingiza miguu, nikapiga ukelele uliowarusha ndege. Mama mkwe akacheka, mara ya kwanza tangu jana.

Tangu siku ile nimeapa, kizunguzungu sikitaji tena labda nianguke kweli. Na kiapo nilikianza pale pale, kwenye kupanda kurudi, hatujafika hata nusu. Yeye mbele, mgongo umenyooka, hahemi. Nikasimama, nikashika kiuno, nikasema, "Mama, nimechoka."

Akageuka, akanitazama, kisha akajiachia akakaa juu ya jiwe, pu, akafunga macho.

"Hata mimi nimechoka, mwanangu," akasema. "Miaka yote hii nilikuwa naona haya kusema mbele yako. Lete huo ubuyu."