Mbelewele za Shamba la Mama

Nilikuwa kidato cha kwanza mvua ilipokatika mapema, na ng'ombe wetu wa pekee akabaki mbavu tupu. Tuliishi juu ya Mikinduri, kwenye kipande cha ardhi ambacho baba mdogo alimwachia mama baada ya baba kufariki. Sharti lilikuwa moja: shamba likishindwa kutulisha, atalichukua apande miraa yake.

Mahindi yalikuwa yameanza tu kuchanua. Kwetu watu hukata vilele vya mahindi wakalisha ng'ombe, lakini husubiri kwanza nywele za hindi zinyauke. Mama alitaka kusubiri. Mimi nilikuwa na daftari la biolojia.

"Mama, chakula kinatengenezwa na majani. Hiyo mbelewele ya juu haizai kitu. Kata."

"Mwalimu amesema?"

"Amesema."

Hakuwa amesema. Tulikata siku mbili, mistari yote, ng'ombe akashiba.

Leo nafundisha somo hilohilo, na sina haraka nalo. Mhindi una maua ya aina mbili. Mbelewele ni ua dume. Humwaga chavua, lile vumbi la manjano linalokuchafua mabega ukipita shambani. Ua jike liko chini, ndani ya maganda, na kila unywele unaochungulia nje umeshikana na yai moja. Chavua ikitua juu yake, huteremsha mrija mwembamba hadi kwenye yai, na punje huanza. Ukisahau majina si neno. Shika tu kwamba unywele mmoja ni punje moja.

Siku ya kuvuna, mama alimenya hindi la kwanza. Punje sita, za chavua iliyopeperushwa kutoka kwa jirani. La pili, nne. Baba mdogo, aliyekuja kukagua, aliliinua vibarua wake walione.

"Shemeji, hili ni hindi ama ni ufizi wa nyanya yangu?"

Wakacheka.

"Nani alikwambia ukate mbelewele mapema?"

Mama hakunitazama. "Ni mimi. Ng'ombe alikuwa na njaa."

"Hata mtoto wa nasari anajua! Na wewe unajiita mkulima."

Nilikuwa hatua mbili kutoka kwa mama. Niliinama kuokota maganda.

Wiki iliyofuata vibarua walileta machipukizi ya miraa, yaliyong'olewa kwenye mashina ya miti mizee, kwa kuwa miraa kwetu haipandwi kwa mbegu. Baba mdogo alihitaji mtu wa kuchimba mashimo. Akamwajiri mama.