Haradali Kando ya Mahindi

Nikiponda jani la haradali-mwitu kiganjani, ukali wake ukinipanda puani, namwona nyanya yangu kule Kibra, ameinama kuchuma mboga kwenye maua ya manjano yaliyojiotea kando ya mahindi yetu.

Siku moja, enzi za ukoloni, Mzungu wa serikali alifika na askari. Akasema magugu hayo yang'olewe, na sisi tujiandae kuhama, kwani ardhi si yetu.

Nyanya aliinuka. "Mbegu hii ilikuja na ngano yenu," akamwambia. "Marehemu mume wangu aliletwa hapa na jeshi lenu, awapiganie. Mmetuleta wenyewe, leo sote ni magugu?"

"Ng'oa!" Mzungu alimwamuru askari.

Nyanya akaketi katikati ya maua, akanipakata. Askari hakuthubutu kutugusa, nasi hatukubanduka mpaka wakaondoka.

Kesho yake, kwa mara ya kwanza, alizipanda mbegu za haradali kwa mistari, kama mahindi.