Bonge la Zege Katika Mashine ya Kufulia

Mashine ya kufulia imenigharimu faida ya msimu mzima na heshima yangu ukweni. Niliichagua dukani mjini Kiwira, ya mtumba, kwa kuwa ilikuwa nzito kuliko zote. Nyumbani nikaifungua mgongoni, nikakuta bonge la zege. Mimi hununua kahawa vijijini. Nawajua wanaotia mawe kwenye magunia ili kilo ziongezeke.

“Nimeuziwa zege!” nikamwambia mke wangu, nikaling'oa.

Jumapili tukamwita mama mkwe aje aone. Ilipoanza kukamua nguo, mashine ikaruka, ikakata mpira wa maji, ikamfukuza hadi uani.

“Baba, umenunua mashine au fahali?” mama mkwe akaniuliza.

Nikaita fundi, nikimlaani muuzaji. Fundi akachungulia mgongoni.

“Zege ndilo huituliza, mzee. Nani kalitoa?”

Mke wangu akaninyooshea kidole.

Wasomaji, ukweni nirudi vipi?